Pombe Niliacha. Chakula Nitaacha Aje?

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: Kutoka 16:13–31, 1 Wafalme 19:1–13, 1 Wakorintho 6:12–13



Majuzi baada ya ibada dada mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. Ameniruhusu nisimulie maneno yake, jina nimwachie. Anafanya kazi kwa maua kama wengi wetu hapa Karagita. Zamani alikuwa mtumwa wa pombe, Bwana akamtoa. Aliniambia hivi: "Pasta, pombe niliacha. Uliniombea, nikaenda nyumbani, na kwa mama pima sijarudi tena. Hata ile njia siipiti. Lakini hii ya kula nitaacha aje? Siwezi kuacha kula. Kila siku lazima nirudi kwa adui mara tatu, nimsalimie, halafu niondoke kama hajanishika."

Nilimwambia tuombe. Tukaomba, akaenda. Lakini mimi nilibaki pale nimeshika funguo za kanisa, na niliona aibu. Sikuwa na jibu la swali lake, na lile swali lilikuwa langu pia. Leo nataka tulitazame pamoja bila haraka.

DHAMBI TUNAYOIPAKULIA

Kwa madhabahu yetu tumehubiri juu ya pombe, sigara, miraa na uzinzi. Tumewaita watu mbele, tumeomba, wameacha. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho ulisikia mahubiri ya ulafi? Mithali 23:20–21 inawaweka mlevi na mlafi katika sentensi moja na kuwaonya wote wawili kwamba mwisho wao ni umaskini. Sisi tumekata ule mstari katikati. Nusu ya kwanza tunaihubiri, nusu ya pili tunaipakulia sahani.

Tena tunaipakulia kwa upendo. Mgeni akija, kipimo cha heshima ni wingi wa chakula. Mchungaji akitembelea nyumba, sahani yake inajazwa mpaka wali unamwagika, na akisema ameshiba wenye nyumba wanaumia. "Ongeza kidogo, Pasta, ama chakula chetu ni kibaya?" Nimeongeza mara nyingi kwa sababu ya hilo swali. Sisemi ukarimu ni dhambi. Nasema kuna mtu ameketi kwenye hiyo meza anapigana vita, na sisi tunamsukumia silaha za adui tukicheka.

Usidhani haya ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2008–09 ulikuta mwanamke mmoja kati ya wanne, wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ukakuta mmoja kati ya watatu. Katika nchi hii hii kuna watoto wanalala njaa. Haya mawili yanakaa ploti moja, wakati mwingine chumba kimoja.

TUNAZUNGUMZIA NINI HASA

Hapa tuwe waangalifu, maana mtu anaweza kusoma somo hili akatoka nje kwenda kupima jirani yake kwa macho.

Kuwa na mwili mkubwa si ushahidi wa ulafi. Kuna miili mikubwa kwa sababu ya uzazi, ya dawa, ya ugonjwa, ya ukoo. Na kuna mtu mwembamba kabisa ambaye chakula kimemfunga pingu. Kupenda chakula kitamu pia si utumwa. Bwana wetu mwenyewe alialikwa karamu nyingi mpaka wapinzani wake wakamwita mlafi na mlevi (Mathayo 11:19). Wewe unayependa kuita wenzako walafi, kumbuka uko kwenye kundi gani.

Mtumwa wa chakula anajijua mwenyewe. Anakula na ameshiba. Anakula akiwa amejificha. Anadanganya juu ya alichokula. Baada ya kula haoni raha, anaona aibu, na ile aibu ndiyo inamrudisha kula tena. Kila Jumapili usiku anaahidi kuanza upya Jumatatu. Paulo anaandikia Wakorintho juu ya watu waliosema kila kitu ni ruhusa kwao, na jibu lake ni kwamba hata cha ruhusa hatakikubali kimtawale. Yaani Paulo hakuulizia kiasi cha chakula kwenye sahani. Aliuliza ni nani anaamuru.

Na kwa sababu namhubiria mtu anayejificha, haitakuwa haki mimi nijifiche. Mwaka jana nilipimwa sukari kwa mara ya kwanza, ikapatikana iko juu. Daktari akaniuliza kwa upole nakula nini. Nikamdanganya. Mtumishi wa Mungu, niko kwa kiti cha hospitali, nasema uongo juu ya mandazi. Sikumwambia kwamba usiku watu wakilala nilikuwa naingia jikoni bila kuwasha taa. Mama watoto alikuwa akiona sufuria asubuhi na kunyamaza. Sikumwambia kwamba siku za kufunga, mimi niliyetangazia kanisa lifunge, nilikuwa nahesabu saa mpaka jioni, na ikifika jioni nakula kama mtu anayelipiza kisasi. Nilidhani nimefunga. Kumbe nilikuwa nimeahirisha tu.

NI DHAMBI AMA NI UGONJWA?

Hili ndilo swali ambalo watu wa elimu na watu wa kanisa wanavutana. Wakati mwingine tunavutana mpaka tunamsahau mgonjwa.

Wataalamu wa akili bado wanabishana kama chakula kinaweza kuitwa uraibu kama pombe. Lakini mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliweka rasmi kwenye orodha yake ya magonjwa ile hali ya mtu kula kwa vipindi, kingi sana, kwa haraka, bila kuweza kujizuia. Wanajua pia kwamba sukari na mafuta vinaamsha sehemu ya ubongo inayohusika na raha, na kwamba mtu asiyelala vizuri anapata njaa zaidi. Haya si mambo ya kupingwa na Mkristo. Mwili uliumbwa na Mungu, na anayeusoma mwili anasoma kazi ya Mungu.

Wengine wanaogopa kwamba tukiita ugonjwa, mtu atasema, "Basi si kosa langu," na akae hapo. Wengine wanaogopa kwamba tukiita dhambi, mtu atazidi kujificha. Hofu zote mbili ni za kweli, nimeziona. Mimi naliona hivi. Kama una kidonda mguuni, huenda si kosa lako kukipata. Pengine ulikanyaga msumari gizani. Lakini ukikifunika na kitambaa, ukiambia watu uko sawa, ukikataa kwenda hospitali, hapo umeingia mahali pa kuwajibika. Utumwa huu mara nyingi ulianza kabla hatujaweza kuchagua. Kuuficha, kuudanganyia daktari, kuupa jina la baraka, hayo tumechagua sisi. Hayo ndiyo ya kutubu leo, na toba yake haihitaji kwanza upungue kilo hata moja.

Na yule dada asidhani yuko peke yake. Zaidi ya miaka 1600 iliyopita kulikuwa na askofu Mwafrika, Augustino wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoita leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, sura ya kumi, anasema ulevi uko mbali naye lakini kula kupita kiasi humnyemelea. Anasema chakula ni dawa ya njaa, na tamaa humvizia kwenye ile safari ya kutoka njaa mpaka kushiba. Tena anasema jambo hili hawezi kulikata mara moja asiliguse tena, kama alivyofanya na mahusiano yake ya zamani na wanawake. Unasikia? Ni swali lile lile la mlangoni. Mtu mkubwa wa kanisa alikuwa nalo, na hakuona aibu kuliandika.

MANA INATUFUNDISHA NINI

Sasa tuje kwa Neno. Israeli walikuwa watumwa, na ukisoma vizuri utaona walitoka Misri kwa usiku mmoja lakini matumbo yao hayakutoka usiku ule. Mwezi wa pili tu wanalia juu ya vyungu vya nyama. Baadaye katika Hesabu 11 wanakumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Viboko hawavikumbuki. Tamaa ina kumbukumbu ya namna hiyo, inaweka chumvi na kusahau mjeledi. Wakapewa kware, wakakusanya mchana na usiku, na mahali pale palipata jina lenye maana ya makaburi ya tamaa.

Lakini kabla ya kware Mungu aliwapa mana. Tazama masharti yake. Kila mtu aokote kipimo cha siku moja, pishi kwa kila kichwa. Aliyeokota kingi hakubakiwa na ziada, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Wapo walioweka mpaka asubuhi, ikaoza na kuingia mabuu. Mungu alikuwa na uwezo wa kuwapa ghala la mwaka mzima mara moja. Hakufanya hivyo. Aliwalisha kwa namna ambayo kila asubuhi lazima wamwamini tena.

Kwa nini mtu aliweka mpaka asubuhi? Mimi zamani nilidhani ni ubishi tu. Siku hizi nadhani ni hofu. Mtu aliyewahi kulala njaa haamini kesho.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati wa ukame wa 1984. Wenye umri wangu mnakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Kwetu tuliyala kwa shukrani, na siku nyingine hayakuwepo. Nilijifunza sheria moja wakati huo: kikiwepo, kula chote, maana hujui. Ile sheria iliniokoa nikiwa mtoto. Shida ni kwamba sasa nina zaidi ya miaka arobaini tangu siku zile, kabati lina unga, na mkono wangu bado unakula kama 1984 inarudi kesho asubuhi. Nilikuwa naomba kwa mdomo mkate wa leo, na kwa tumbo nakula wa jana niliyoukosa na wa kesho ninayoiogopa.

Nadhani wengi wetu tuko hapo. Wengine si njaa ya tumbo. Ni baba aliyeondoka, ni ndoa iliyovunjika, ni mtoto uliyemzika. Unaweka chakula mahali pa kile kitu, na hakijai, kwa sababu hakikuwa shimo la chakula.

Hapo ndipo imani inaingia, na haiingii kama kamba ya kujifunga kiuno. Shetani alipomjia Yesu jangwani baada ya siku 40 alianza na mkate. Mkate si kitu kibaya, na Yesu alikuwa na njaa ya kweli. Jibu alilompa Shetani alilitoa Kumbukumbu la Torati 8, na ile sura inazungumzia nini? Inazungumzia mana. Musa anawaambia Israeli kwamba Mungu aliwaacha waone njaa kisha akawalisha, ili wajue uhai wao unashikiliwa na nani. Yesu hakuukataa mkate. Alikataa kuutengeneza kwa hofu, kana kwamba Baba amemsahau. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya sufuria si "Nina nguvu ya kukataa?" Nguvu hiyo wengi hatuna, tumejaribu. Jiulize, "Naamini kwamba kesho Baba atanilisha tena?" Ukiamini hilo hata kidogo, unaweza kuacha chakula kibaki kwenye sufuria.

UNAFANYA NINI HAPA?

Tuje hapa kwetu. Nyinyi mnaofanya kazi kwa maua mnajua wiki za kabla ya tarehe 14 Februari. Ulaya wanataka waridi, na hapa Naivasha watu wanasimama tangu asubuhi mpaka usiku. Unashuka steji miguu imevimba. Chumbani hakuna mtu. Watoto umewaacha kwa nyanya yao Kisii, Busia ama Nyandarua, na umeongea nao kwa simu dakika tatu. Jiko halijawashwa, maji lazima uchote. Pale steji kuna kibanda, taa inawaka, chipsi zinatoka kwa mafuta, mutura iko kwa moto, na mwenye kibanda anakuita kwa jina lako. Pengine ni yeye wa kwanza kukuita kwa jina siku nzima.

Nani atakulaumu? Mimi sikulaumu. Lakini ikiwa kila siku ndio hivyo, na mshahara ukiisha tarehe kumi unakopa kwa simu ili ununue chipsi na soda, na watoto wa nyumbani wanangoja karo, basi tuketi tuzungumze.

Eliya alifika hapo. Alikuwa ameshinda manabii wa Baali, kisha akakimbia, akaketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumwambia afunge. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu kwake. Ni baadaye sana, kule Horebu, ndipo Mungu alipomuuliza: unafanya nini hapa, Eliya?

Nimejifunza kutumia swali hilo. Nikijikuta mbele ya kabati saa tano usiku, nasema kwa sauti, unafanya nini hapa? Mara nyingine jibu ni njaa, na hapo nakula, nashukuru. Lakini mara nyingi jibu ni kwamba nimechoka. Ama nimekasirishwa na kikao cha wazee. Ama nina upweke, ndiyo, hata mchungaji. Uchovu dawa yake ni kulala. Hasira dawa yake ni kwenda kuzungumza na mtu. Chapati haina dawa ya hayo, hata zikiwa tano.

KUFUNGA SI KUUCHUKIA MWILI

Wengine mmeshaanza kusema, "Basi nifunge siku 40 nimalize hii kitu." Ngojeni.

Nchi hii haijasahau Shakahola. Mwaka 2023, kwenye msitu ule wa kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Walionusurika walieleza kwamba watu walifundishwa wajinyime chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Lazima tuseme wazi, sisi watu wa kufunga na kuomba, kwamba yale yalikuwa matumizi mabaya ya jambo takatifu. Mungu aliyemlisha Eliya aliyetaka kufa hawezi kumwambia mtoto asile mpaka afe.

Kufunga kwa Biblia kuna mlango wa kutokea, na nje ya mlango kuna ndugu yako. Soma Isaya 58. Mungu anawakataa wanaofunga huku wakiwakandamiza wafanyakazi, na anaeleza saumu anayoitaka: kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo ukifunga chakula cha mchana, zile pesa zimfikie mtu. Hapo saumu inakufundisha kwamba kuna mwingine mezani. Ukifunga ili jioni ule mara mbili, kama nilivyokuwa nafanya, hujamfaidi mtu, wala wewe mwenyewe.

Na sikilizeni vizuri: ukiwa na kisukari, vidonda vya tumbo, mimba, ama unatumia dawa kila siku, usifunge kabla ya kuzungumza na daktari. Ukiwa mtu wa kula kupita kiasi halafu kujitapisha, usifunge kabisa kwa sasa. Njoo tuzungumze, twende hospitali pamoja. Kumeza dawa si kukosa imani.

TUFANYE NINI

Sina fomula ya siku saba. Nina mambo machache ambayo nimeyajaribu kwa mwili wangu.

La kwanza, washa taa. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika kwetu, mpaka mwaka 1949 maelfu wakakusanyika Kabete, walikuwa na neno moja: kutembea nuruni. Wengi wao hawakuwa Wapentekoste, lakini tunawadai somo hili. Walikutana kwa vikundi na kila mtu akasema dhambi yake kwa jina lake, bila kuipamba. Utumwa wa chakula unaishi gizani. Mimi nilimwambia mama watoto. Kisha nikarudi kwa daktari nikamwambia nilidanganya. Alicheka kidogo, akaandika upya. Ilikuwa toba ngumu kuliko nyingi nilizofanya kanisani.

La pili, kula mezani, tena na mtu. Kama unakaa peke yako, tafuta jirani wa kanisa mle pamoja hata mara mbili kwa wiki. Changeni unga na mboga. Inapunguza gharama na inaondoa ule upweke wa steji. Kanisa la kwanza liliumega mkate nyumba kwa nyumba. Hawakula kila mtu na simu yake.

La tatu, pakua mara moja, omba, ule polepole. Ile sala tunayoiomba haraka chakula kikipoa, iombe kwa maana yake. Unamwambia Mungu: hiki ni cha leo, cha kesho nakuachia.

La nne, siku mshahara unaingia usipite steji na njaa. Kula kitu nyumbani ama kazini kwanza. Tuma ya watoto kabla hujashuka kwa matatu.

La tano ni letu sote kama kanisa. Mtu akisema ameshiba, tumwamini. Tusimwambie dada "umenona" kama salamu, wala "umekonda, una shida?" Kwenye mikutano yetu tuweke maji na matunda kando ya soda. Na sahani ya mchungaji iwe kama ya watu wengine. Hilo naliomba mimi mwenyewe, kwa maandishi.

UKIANGUKA

Hapa ndipo nataka kumjibu yule dada, maana nilimwacha mlangoni bila jibu.

Dadangu, ushuhuda wa pombe tunaupenda kwa sababu una tarehe. Mtu anasema, "Tangu siku ile, mpaka leo, tone halijapita." Tunapiga makofi. Wewe na mimi hatutapata ushuhuda wa namna hiyo juu ya chakula, na tuache kuutafuta. Tulipewa wa aina nyingine. Israeli walipewa ukombozi wa bahari, wa usiku mmoja, na wakapewa ukombozi wa mana, wa kila asubuhi kwa miaka 40. Wote ni wa Mungu yule yule. Wa bahari tunaimba zaidi, lakini wa mana ndio uliowafikisha.

Ulisema lazima umrudie adui mara tatu kwa siku. Nimefikiri sana juu ya hilo neno. Chakula si adui yako. Petro alipomkana Bwana mara tatu na kurudi kuvua, Yesu mfufuka alimngoja ufuoni mwa ziwa, na alikuwa ameshawasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate (Yohana 21). Alimwita aje ale kwanza. Yale maneno magumu yalikuja baada ya chakula. Sisi tunaoishi kando ya ziwa, tunaonunua samaki asubuhi pale ufuoni, tunaweza kuiona picha hiyo bila taabu. Kwa hiyo mara tatu kwa siku unarudi mahali ambapo Bwana alimngoja mtu aliyeshindwa. Ukiwa umeanguka jana usiku, kiamsha kinywa cha leo si mahali pa adhabu. Usikiruke ili kujilipiza. Mana mpya iko chini, okota ya leo.

Tangu tuzungumze, yule dada amekuja kuniona mara mbili. Hajapona kabisa, wala mimi sijapona. Siku ya mshahara uliopita alisimama pale kibandani, akanunua sahani ya kwanza akala yote. Kabla ya sahani ya pili alimpigia simu mama mmoja wa ushirika wa nyumbani, akamwambia aliko. Yule mama hakumhubiria. Alimwambia, "Ningoje hapo, nakuja tutembee." Wakatembea mpaka nyumbani. Ndio huo ushuhuda wote, na mimi nampa Bwana sifa kwa ajili yake.

TUOMBE

Baba, ulitujua tukiwa na njaa na unatujua tukiwa tumeshiba. Tunaleta kwako siri za jikoni. Tuponye hofu ya kesho na maumivu ya jana ambayo tumeyalisha badala ya kukuletea. Tupe cha leo, tutosheke nacho, na tumwone ndugu asiye nacho. Wape madaktari wetu hekima. Fanya meza zetu ziwe mahali unapotungojea. Katika jina la Yesu, amina.

KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu hakuwapa Israeli mana ya mwezi mzima? Ni wapi wewe unaokota ya kesho kwa hofu?
2. Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumuuliza swali. Sisi huwa tunaanza na lipi kwa mtu aliyeshindwa?
3. Kila mtu ataje mtu mmoja anayeweza kumpigia simu akiwa amesimama mbele ya sahani ya pili. Asiye naye, tumpate kabla hatujaachana leo.
4. Ni desturi gani moja ya ukarimu wetu tunaweza kuibadilisha bila kupoteza upendo?